Nimeamka Salama

Mimi Mwaija sikuzoea kulia mbele za watu. Nimezaa watoto watano kule Handeni na mkunga hakuwahi kusikia sauti yangu. Kwa hiyo waliponitia mpira ubavuni, hapa wodini Korogwe, ili kutoa maji ambayo saratani ya titi imeyajaza kando ya pafu, niliuma kanga nikanyamaza.

Kila asubuhi nesi Edna alikuja na faili. "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Marahaba, nimeamka salama. Wewe ungejibuje? Mtu akikusalimia humtwishi maradhi yako kabla hajakaa. Hata msibani tunaanza na nzuri. Lakini Edna hakukaa, wagonjwa walikuwa wengi. Aliandika salama yangu akaenda zake, nami nikabaki na vidonge vya panadol na pumzi zinazochoma.

Kitanda cha jirani, kwa Salome wa Vugiri, kulikuwa na dada, shangazi na chupa ya uji. Kwangu kulikuwa na simu. Niliwaonea wivu, sifichi.

Siku ya nne daktari akasema maji yamekwisha. Kesho wangepitisha dawa kwenye mpira uleule, pafu ligandamane na ukuta wa kifua, maji yasipate tena pa kukaa. Inauma, akasema, ila kwa kuwa mama hana maumivu, vidonge vyake vitatosha.

Nilimshika Edna mkono. "Mwanangu, yale yalikuwa majibu ya salamu. Naumia tangu siku ya kwanza."

Machozi yakanitoka, na aibu juu yake. Edna akavuta kiti, akakaa. Akaniuliza maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Nikasema tisa. Nikapewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, chungu kama shubiri, na kesho yake nikapewa tena kabla ya ile dawa ya kugandisha. Iliuma, lakini niliiweza. Kufika jioni maumivu yalikuwa tatu.

Jioni hiyo mwanangu Abdulaziz akapiga simu kutoka Dar. Shikamoo mama, unaendeleaje? Salama ilishafika mdomoni, nikaimeza.

"Kifua ni tatu," nikamwambia. "Kukaa hapa peke yangu ni tisa. Njoo, mwanangu."

Akasema kazini hawampi ruhusa, ataangalia mwisho wa mwezi. Akaniuliza kama nimekula.

Nikamjibu nimekula, na hapa ni salama tu.