Glavu Msumarini

Mkamuaji yule walimwita Kucha, na jina alilipenda. Ukucha wa kidole gumba aliufuga makusudi: anamchomoa kupe sikioni mwa ng'ombe, anamminya, tap! Damu inaruka, anajifuta kwenye suruali. Miaka thelathini hakuugua hata mafua. Sifa za kijinga hizo, lakini nani angemwambia?

Bintiye alimwambia. Alirudi kutoka mafunzo ya wafugaji na glavu za mpira na kibano, akasema kuna homa mpya, virusi vyake vinakaa ndani ya kupe, ukimponda vinakuingia. Kucha akacheka mpaka akashika mbavu. "Mikono ya bibi harusi hiyo! Ng'ombe watakuonea haya, mama." Wakamuaji wenzake nao hoi kwa kicheko. Binti aliona aibu. Akavua glavu, akazitundika msumarini, akaponda kupe kwa ukucha, na kidole kile kilikuwa na mchubuko wa kamba.

"Sasa huyo ndiye mwanangu!" Kucha akasema.

Siku ya tano homa ikampanda. Ya saba fizi zikatoa damu, wakamkimbiza hospitali, akawekwa chumba cha peke yake, baba akabaki upande wa pili wa kioo.

"Nani alimfundisha kuponda kupe kwa mkono?" daktari aliuliza huku akiandika.

Kucha angeweza kusema hajui.

"Mimi. Alikuwa na glavu. Nilimcheka mpaka akazivua."

Daktari akaacha kuandika.

Muuguzi akampa simu azungumze na mgonjwa. "Nisamehe, mama," alisema, na machozi yakamtoka.

"Baba, yule wa madoa ana kupe sikio la kushoto. Sikummaliza. Vaa glavu, baba. Usinitanie tena."

Alifariki kesho yake saa nne asubuhi. Hawakumruhusu baba hata kumshika mkono.

Jioni ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimejaa. Masikini Kucha akaingia zizini, akaukata ukucha wake kwa kisu. Glavu zilikuwa palepale msumarini, moja imegeuka ndani nje kama binti alivyoivua. Akazivaa kwa taabu. Zilimwishia katikati ya viganja. Akachukua kibano, akamshika sikio ng'ombe wa madoa.

Wakamuaji wenzake walikuwa wamesimama mlangoni.

"Chekeni basi," aliwaambia.

Hakuna aliyecheka.