Kesi ya Neno Moja

"Rudia," alisema hakimu. "Hapahapa, mbele ya watu. Ulimwambia nini Bwana Lofthouse?"

Ursula Thackray alikuwa ameficha mikono chini ya aproni. Mikono ya mpika pombe: imebabuka kwa mvuke, na kimea kimeganda kwenye kucha. Tangu mumewe azikwe, miaka kumi na tisa, alikuwa akiwapikia watu wa Skelbeck pombe ya shayiri, na hapana aliyewahi kuimwaga.

"Nilimwambia kazi yake ni 'bezzle', bwana."

Kanisa, ambalo siku ile liligeuzwa mahakama, liliguna. Marmaduke Lofthouse, msimamizi wa kanisa, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mmesikia! Kaniita mwizi! Mimi, ninayeshika funguo za nyumba ya Mungu!"

"Sijasema mwizi. Nimesema 'bezzle'."

"Ndiyo hiyohiyo, we kizee mchafu!"

Mambo yalianzia kwenye pipa. Bibi mmoja tajiri, marehemu zamani, aliusia kwamba kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, wajane wa Skelbeck wagawiwe pipa zima la pombe. Ursula ndiye aliyekuwa akiipika pombe hiyo. Mwaka huu pia aliipika, akaliziba pipa kwa mkono wake, likafungiwa kwenye ghala la kanisa. Ufunguo alikuwa nao Lofthouse. Wajane walipofika na magudulia yao, wamesimama kwenye theluji, Ursula aligonga pipa kwa kifundo cha kidole, nalo likamjibu kama ngoma. Ndani yalibaki machicha. Lofthouse na rafiki zake walikuwa wamelikalia wakinywa tangu mkesha wa sikukuu. Ursula akamfuata hadi sokoni, akamtemea neno lile mchana kweupe.

Sasa kila kitu kilining'inia kwenye neno hilo. Likiwa na maana ya kunywa, ni ukali wa ulimi tu, angekaripiwa akaenda zake. Likiwa na maana ya kuiba, angefanya toba mbele ya kanisa zima, na parokia isingemruhusu kuwasha tena jiko la pombe. Na kazi nyingine hakuijua.

"Mwanamke mwenyewe mlevi!" alipaza sauti Tobias, msaga nafaka, rafiki wa Lofthouse. "Muulizeni anakunywa kiasi gani!"

Watu wakacheka. Ursula akamgeukia.

"Mimi nakunywa ninachopika, Tobias. Wewe ulikunywa cha nani?"

Kicheko kikakatika. Hakimu akagonga meza, akamwita Mwalimu Pickersgill, mtu pekee pale kijijini mwenye vitabu. Mzee alipompita Ursula alijifanya anakohoa. "Sema ni kunywa, mama," alinong'ona. "Sema hivyo uende ukapike."

Kisha akasimama mbele ya hakimu.

"Neno hili ni la Wafaransa, mheshimiwa. Kwao lilikuwa kuteketeza: askari wameingia kijijini, wamechoma maghala, wameacha majivu. Lilipovuka bahari likawa kufuja mali, hasa mali ya mwingine. Baadaye likaingia vilabuni, likawa kunywa kupita kiasi, kunywa kama shimo. Waungwana wa London wameshalisahau. Huku kwetu bado linatembea."

"Linatembea na maana ipi?"

Mwalimu alimtazama Ursula. "Kunywa, mheshimiwa. Siku hizi ni kunywa tu."

Hakimu akaweka kalamu chini. Alikuwa na safari ndefu na alitaka kuondoka kabla theluji haijaziba njia. "Basi, Bibi Thackray. Ulikusudia kunywa. Siyo?"

Njia ilikuwa wazi kama mlango. Ursula alifungua mdomo. Kule nyuma, kwenye benchi la maskini, aliwaona wajane saba wamebanana wapate joto, wakimtazama bila kumwomba lolote. Lofthouse alikuwa ameanza kutabasamu.

"Bwana," alisema, "sisi hatukuwahi kuligawa hilo neno. Pombe ilikuwa ya wajane. Kuinywa kwake ndiko kuiba kwake. Ningemwita mwizi, ningeacha nusu. Ningemwita mlevi, ningeacha nusu. Nilitaka lote."

Mwalimu Pickersgill alifumba macho.

Jumapili iliyofuata walimsimamisha mbele ya madhabahu, miguu mitupu juu ya jiwe, amevikwa shuka jeupe na fimbo nyeupe mkononi. Njia yote kutoka kwake alikuja hivyo, akikanyaga theluji, na maji yake yalikuwa yametuama chini ya nyayo zake. Kwa kuwa hakujua kusoma, mwalimu alimsomea toba kipande kwa kipande, naye akafuatisha.

"Mimi, Ursula Thackray... nilimkosea Marmaduke Lofthouse... nikasema kwamba kazi yake ni 'bezzle'..."

"Sauti!" Lofthouse alifoka kutoka benchi la mbele. "Wa nyuma hawajasikia!"

Ursula akavuta pumzi. Akairudia toba yote, polepole, kila silabi mahali pake, na lile neno likapanda hadi kwenye boriti za paa. Hakuna aliyecheka. Tobias alikuwa akitazama kofia yake magotini. Lofthouse aligeuka nyuma kutafuta uso wa kumuunga mkono, akageuka tena mbele, shingo imemwiva.

Ibada ilipokwisha, Ursula alitoka wa kwanza, kama sheria ilivyotaka. Nyayo zake zilibaki zimelowa katikati ya kanisa, moja baada ya nyingine hadi mlangoni, zikikauka taratibu kuanzia kingoni. Watu walisimama kwenye mabenchi yao, kofia mikononi, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzikanyaga.