Vifungo Vitatu vya Mgongoni

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu ni mkali kuliko mkasi wangu. Mtoto wa kaka yangu alipozaliwa niliweka sheria mlangoni: kuvua viatu, kunawa mikono, na hakuna kumbusu. Kaka alilalamika kwamba nyumba yake imegeuzwa kituo cha ukaguzi. Nilimwambia akikereka ahamie kwa jirani.

Wiki ile nilikuwa na lengelenge la homa pembeni mwa mdomo. Hunijia kila nikichoka, tangu usichana wangu. Nililipaka mafuta nikaendelea na kazi, maana nani aache kushona kwa sababu ya kipele?

Siku ya nne tangu azaliwe nilimvika mtoto kigauni nilichomshonea. Vifungo vitatu vya mgongoni vilikuwa vimelegea. Wifi yangu, mama yake, ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi, nami sikutaka kumvua mtoto akaanza kulia. Nilimlaza kifudifudi mapajani nikavikaza hapohapo. Mkasi siupeleki karibu na shingo ya mtoto, nina akili zangu. Uzi niliukata kwa meno, mara tatu.

Siku ya kumi na moja mtoto alikataa ziwa. Mwili ulichemka, kisha ukapoa vibaya, akalegea kama kitambaa kilicholowa. Hospitalini walimtundikia dripu na kumchoma dawa za bakteria. Pale sindano ilipopita damu haikukoma. Muuguzi alibadilisha pamba mara nne. Madoa ya zambarau yalianza kujitokeza miguuni.

Asubuhi, saa tatu, daktari alituuliza kama kuna mtu mwenye kidonda mdomoni aliyembusu mtoto. Nilimjibu kabla wengine hawajafungua kinywa. Hakuna, nimesimamia mwenyewe. Kidonda changu kilikuwa kimeshakauka na kupona, wala sikukikumbuka.

Alipoondoka nilimgeuza mtoto nimbadilishe nepi. Mgongoni kulikuwa na vishada vitatu vya malengelenge madogo, vimejaa maji, vimeshuka mstari mmoja kuanzia shingoni. Nafasi kati ya kimoja na kingine naijua. Niliipima mwenyewe kwa futi yangu.

Nilikivuta kigauni nikafunika. Nilipaswa kukimbia kumwita daktari, lakini nilikaa, kwa sababu niliuogopa uso wa kaka yangu. Nilijidanganya kwamba ni vipele vya joto, kwamba wataviona wenyewe wakati wa kumkagua. Muuguzi alipokuja kumsafisha nilimwambia nimeshamaliza kazi hiyo. Wifi alinishika mkono akasema bila mimi wasingejua pa kuanzia. Mchana ulipita hivyo, mimi nimekaa karibu na kitanda kama mlinzi.

Saa kumi jioni mtoto alishikwa na degedege, mkono wa kushoto ukirukaruka peke yake. Hapo ndipo niliposema. Nilimweleza daktari kuhusu mdomo wangu, vifungo na meno, kaka na wifi wakiwa wamesimama wanasikia.

"Ni virusi vya malengelenge," daktari alisema. "Kwako ni kipele tu. Kwa mtoto mchanga vinaingia kwenye damu na kuharibu kuta za mishipa. Mingine inavuja, mingine inaziba. Tunaanza dawa sasa hivi."

Alipona, baada ya siku ishirini na moja za dawa kwenye mshipa. Lakini picha ya kichwa ilionyesha mshipa ulioziba upande wa kulia, na mkono wa kushoto umelala tu ubavuni.

Kaka haongei nami. Wifi ndiye aliyekuja nyumbani kwangu, akaketi bila kukaribishwa, mtoto mgongoni.

"Ungeweza kunyamaza, wifi, na ungenyamaza tungemzika," alisema. "Daktari anasema dawa ingeanza asubuhi ile, huenda mkono ungepona. Lakini asubuhi ungejuaje?"

Nilimtazama machoni. Nilimjibu kwamba nisingejua.