Papasi wa Mama Balbina

Nina moto usioivisha hata kiazi, lakini mwenye jiko humuunguza mpaka mifupa. Usitaje kuni wala radi, hujapata. Ni wivu. Na Mlabani nzima, kwetu Ifakara, miaka ile watu wa utafiti walipoanza kupita nyumba kwa nyumba na makopo yao, hakuna aliyekuwa na moto huo kumshinda Dionisi mvuvi.

Hakuwa mtu mbaya. Alijua kusuka migono, mitego ya samaki, kuliko wenzake, na hakumpiga mkewe hata siku moja. Ila akitoka kambini mtoni na mzigo wake wa kambale wa moshi, kabla hajautua chini alikuwa ameshauliza nani alipita. Mkewe, Verediana, alikuwa mtoto wa Kiberege, mcheshi, na kicheko chake tulikisikia kwetu tukiwa kwenye kinu. Kila alipocheka, Dionisi alitaka kujua amechekea nini, na nani kamchekesha.

Sasa kuna jambo moja la wanawake ambalo Dionisi hakulijua. Verediana alipoolewa, mama yake, Balbina, alifunga kwenye pindo la kitenge papasi wachache aliowachota kwenye sakafu ya chumba chake mwenyewe. Papasi mnamjua: yuko kama kupe bapa, rangi ya udongo, mchana amelala kwenye vumbi la sakafu, usiku anatoka kunywa damu ya waliolala. Ana homa yake, na homa hiyo inampiga mgeni kuliko mwenyeji. Kwa hiyo akina mama wa kule walisema, binti akihamia nyumba isiyo na papasi wa kwao, mwili unasahau. Siku akirudi kwa mama yake kuzaa, ataumwa kama mpita njia. Balbina akawamwaga wale wadudu kwenye miguu ya kitanda cha maharusi, akawafunika kwa vumbi, akaenda zake. Mkwe hakuambiwa. Mume haambiwi kila kitu.

Basi akaja daktari mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia iliyochakaa. Alitaka kujua kwa nini homa ya papasi inamwangusha mgeni na mwenyeji anaendelea kulima. Akaajiri vijana wa kukusanya papasi majumbani, na aliyepewa upande wetu ni Fulgensi. Alikuwa amenyoa vizuri, kaptula imepigwa pasi hata ukaogopa kuigusa, soksi mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa kuingia chumbani, kulala kifudifudi chini ya kitanda, kuchota vumbi kwa kijiko, kisha kulichekecha juani juu ya kitambaa cheupe. Papasi wakianza kutembea anawatia kwenye kopo, wanakwenda kunyonyeshwa damu ya panya weupe, ili ionekane kama wana ugonjwa. Na alirudi nyumba zilezile kila mwezi.

Nyumba ya Dionisi ilikuwa na papasi wengi. Wale wa Mama Balbina walikuwa wamezaliana vizuri.

Kule kambini, rafiki yake Ponsiano alikuwa akiparua samaki, mdomo haujatulia.

"Mwenzangu, wewe unalala na mbu huku, na kitanda chako kina mtu chini yake."

"Mtu gani?"

"Si yule mwenye soksi! Kila mwezi anapiga magoti chumbani kwako. Hata padri hapigi magoti hivyo."

Wavuvi wakacheka. Dionisi hakucheka. Aliacha migono majini, akapanda njia ya nyumbani jua likiwa utosini.

Alipoingia, kitu cha kwanza alichoona ni miguu miwili yenye soksi imetoka chini ya kitanda chake. Cha pili, mkewe amechutama, ameshika taa ya chemni, anacheka mpaka machozi.

"Hodi kwangu," akasema Dionisi.

"Karibu, mume wangu! Njoo umwone Fulgensi, papasi ameingia kwenye soksi yake!"

"Na wewe unamulikia soksi?"

Fulgensi akajikokota nje kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi. "Shikamoo kaka. Nyumba yako ina neema. Sijapata papasi wengi hivi Mlabani nzima."

"Marahaba. Chukua neema yako uende."

Fulgensi akaenda. Maneno yale yakabaki kichwani kwa Dionisi kama mwiba wa kambale. Nyumba yako ina neema! Kumbe kinachomleta ni papasi. Papasi wakiisha, atakuja kufanya nini?

Kesho yake hakurudi kambini. Alitoa kitanda nje, akachoma kamba zake, akafuma mpya. Alichimba sakafu ya chumba mpaka udongo mgumu, akabeba vumbi lote kwa ungo mpaka mtoni na kulimwaga. Akamwaga maji ya moto kwenye kila ufa, kisha akaleta udongo wa kichuguu, akaponda, akasiriba na kulainisha kwa jiwe mpaka sakafu ikang'aa kama sahani. Majirani tulikuja kutazama. Wanaume wengine waliona aibu, maana wake zao walianza kuuliza, na sisi lini?

Verediana peke yake hakufurahi. Alisimama mlangoni, mkono tumboni. Alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza.

"Dionisi, ungewaacha wachache. Wale ni wa mama."

Mtu mwingine angeuliza, wa mama vipi? Lakini mwenye wivu ana sikio moja tu, nalo linasikia anachokiogopa.

"Unawalilia papasi," akasema, "au unamlilia mkamata papasi?"

Verediana akaingia jikoni. Mwezi ulipofika, Fulgensi akaja, akalala chini na kaptula yake, akachekecha, kitambaa kikabaki cheupe. Akajaribu tena mwezi uliofuata. Baada ya hapo akapita bila kupiga hodi, na Dionisi akarudi mtoni akiimba.

Siku za kujifungua zilipokaribia, Verediana alikwenda Kiberege. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, ndiyo desturi. Alilala kwenye chumba alichokulia, na papasi wa chumba kile wakamla kama walivyomla tangu utotoni.

Homa ikaja. Ikamtetemesha mpaka kitanda kikalia, macho yakawa ya njano. Wakampa dawa ya malaria. Ikaondoka, wakashukuru Mungu, akala uji. Siku chache hazijapita, ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Dionisi alifika na samaki wake hajui lolote. Akasimama nje, mbali na mlango, uso pembeni kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

Balbina hakuitikia. Sauti yake ilitoka nyuma ya ukuta. "Papasi niliomfungia mwanangu wako wapi?"

"Papasi gani, mama?"

"Niliowaweka kwenye miguu ya kitanda chenu. Wa chumba hiki. Ili mwili wake usisahau. Wako wapi?"

Dionisi aliona samaki mkononi wakiwa wazito kama mawe. "Niliwatoa. Wote."

"Kwa nini?"

Dionisi akawatua samaki chini. Ungesema nini?

Balbina akasema taratibu, nako ni kubaya kuliko kupiga kelele: "Basi umemfanya mwanangu mgeni katika nyumba niliyomzalia. Homa hii kwa mwenye mimba huchukua mtoto kwanza. Ikikaa, inarudi kumchukua mama. Yule daktari wa papasi, unamjua anapokaa?"

"Namjua."

"Nenda."

Akaazima baiskeli ya jirani, akashika barabara ya Ifakara. Safari nzima wivu ulikanyaga pedali pamoja naye. Atapiga magoti kwa yule mwenye soksi? Atamleta kwa mkono wake mwenyewe mpaka kitandani kwa mkewe? Kwenye kivuko cha mto mdogo alishuka, akasimama. Yuko mganga Kiberege, akajiambia, mzee, hana soksi. Akageuza baiskeli. Akasukuma hatua kidogo kurudi. Kisha akakumbuka sauti ya Verediana kupitia ukutani, akiomba maji kwa kumwita mama yake, siyo mumewe. Akaigeuza tena.

Alimkuta Fulgensi uani kwa mtu, anachekecha vumbi.

"Kaka Dionisi! Umekuja kuniita? Kwako sakafu inateleza, nitafuata nini?"

"Verediana ana homa. Inakwenda inarudi. Yuko Kiberege kwa mama yake."

"Homa ya papasi haimshiki Verediana. Tulipima damu yake, tukaona mwili wake ni mzoefu."

"Alikuwa. Papasi niliwatoa mimi."

"Wewe? Kwa ajili gani kazi yote ile?"

"Kwa ajili yako."

Fulgensi alianza kucheka. Akamwona mwenzake hacheki, jasho linamtiririka kwenye kidevu, akaacha. "Mimba bado anayo?"

"Bado."

Akadondosha chekecheo pale pale, papasi wakajitawanyia uani kwa watu, mwenye nyumba akaanza kupiga kelele. Wao walishakimbia kwa daktari.

Gari la daktari lilifika Kiberege jua bado liko juu. Daktari aliweka darubini juu ya kinu kilichopinduliwa, mahali penye mwanga. Fulgensi akaingia na sindano ndogo ya kutoboa kidole. Verediana alikuwa anatetemeka, mkono hautulii.

"Nimshike mkono," akasema Fulgensi.

"Nitashika mimi," akasema Dionisi.

"Basi shika. Siyo hivyo, utauvunja. Kama unashika ndege."

Tone likachukuliwa. Daktari akatazama, akamwita Dionisi naye atazame. Aliona vitu kama nyuzi za buibui vinajipinda, vinajinyonga, vinapita haraka kati ya chembe za damu. Ndiyo hao, akaambiwa. Wanatoka kwa papasi. Dionisi alivitazama muda mrefu. Alizoea kuwa na adui mwenye soksi.

Daktari akampiga mgonjwa sindano, akaonya kwamba kabla ya kushuka, homa itapanda. Kuonywa ni jambo moja. Verediana alipoanza kutetemeka vibaya kuliko kwanza, meno yanagongana, anapiga kelele, Dionisi alimkamata Fulgensi kola.

"Mmempa nini? Mmempa nini mke wangu?"

"Niachie, kaka. Wadudu ndio wanakufa. Tuliambiwa wote."

"Akifa, na wewe unakufa!"

"Mwachie!" Balbina akatoka mlangoni, akasahau ukwe, akasimama mbele ya mkwewe uso kwa uso. "Mikono hiyo ulishafanya nayo ya kutosha. Kateke maji, umpoze mkeo."

Akateka. Akamfuta paji la uso, shingo, viganja. Jua lilipoanza kulala, jasho likamtoka Verediana kama mtu aliyenyeshewa, na pumzi ikatulia. Balbina akaweka mkono tumboni mwa mwanawe, akangoja. Sote tuliosimuliwa baadaye tulishika pumzi pale pale. Kisha akasema, "Amepiga teke."

Verediana akafungua macho. Akamwona Fulgensi amesimama mlangoni anafunga mkoba, akatabasamu. "Fulgensi, asante. Soksi zimepona?"

Kwa mumewe alikuwa bado hajasema neno. Dionisi alisikia moto ukiwaka palepale ulipozoea kuwaka. Akakamua kitambaa, akaendelea kumfuta.

Mtoto alizaliwa majuma machache baadaye, wa kike, mdogo kama sungura, lakini mwenye sauti. Daktari akaja kuwaona. Alikuwa amemsikiliza Balbina habari ya papasi wa kwenye kitenge, akasema hajui kama ndivyo, inabidi apime. Aliomba damu ya mama na ya mtoto kila mwezi, mwaka mzima, ili ajue mwili unakumbuka kwa muda gani, na ionekane mapema kama homa inataka kurudi.

"Nani atakuja kuchukua?" Dionisi akauliza, ingawa alijua.

"Fulgensi."

Wote wakamtazama. Verediana alikuwa ananyonyesha, akamtazama naye, safari hii hacheki.

"Aje," akasema Dionisi. "Lakini aje nikiwa nyumbani."

"Na ukiwa mtoni, homa itakungoja?" Balbina akauliza.

Dionisi alimwangalia mtoto, vidole vyake vidogo vimeshika pindo la nguo ya mama. 

"Basi aje siku yoyote."

Mama na mtoto waliporudi Mlabani, Jumatatu Dionisi alirudi kambini. Fulgensi alikuwa na zamu Mlabani siku hiyo hiyo, na Dionisi alijua. Wivu ulipanda naye mtumbwini, ukakaa mbele kama abiria asiyeshika kasia, unamtazama usoni. Ponsiano akafungua mdomo kusema neno. Dionisi hakumngoja, akausukuma mtumbwi kutoka ukingoni.