Anasoma Tu

Karani hapendi Baiolojia. Fizikia alinivumilia, Kemia aliniachia nikapata D yangu ya kujikongoja, lakini nikifungua sura ya moyo na mzunguko wa damu, keshakaa sikioni na kazi imeanza. "Anafungua daftari," anasema. "Anatafuta kalamu. Kalamu anayo mkononi, mjinga huyu. Anasoma mstari wa kwanza. Hajaelewa. Anarudia. Sasa anajifanya ameelewa."

Karani si mtu. Jina nimempa mwenyewe, kwa sababu kazi yake ni kutangaza kila nifanyalo, na sauti yake ni ya mwanaume wa makamo aliyechoshwa na ofisi. Hospitali ya Lushoto wana jina refu la ugonjwa wangu, skizofrenia. Sista Shamsa, nesi wa kliniki yetu, aliniandikia kwa herufi kubwa nyuma ya kadi kwa sababu niling'ang'ania kuliona. Nyumbani tunasema "ile hali". Mama yangu, Beatha, hata hilo hulisema akiangalia pembeni.

Ile hali ilinishika miaka minne iliyopita, ndani ya chumba cha mtihani wa kidato cha nne, siku ya Baiolojia. Karani alikuwa akinisomea maswali kabla sijayafikia, na majibu yake yote ya uongo. Nilivumilia nusu saa. Kisha nikasimama nikamwambia anyamaze, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Mlalo, na aliponicheka nikarusha kiti. Walimwita mama kutoka shambani. Alikuja na matope miguuni, akanishika kifundo cha mkono, na hakukiachia njia nzima. Tulipofika kijijini habari ilishatutangulia.

Chuo cha uuguzi wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mimi nina mawili ya kwanza. Ukiniuliza kwa nini uuguzi, nitakujibu kwamba Sista Shamsa ndiye mtu pekee anayenisemesha kama mtu aliyechelewa mahali na bado anasubiriwa. Nataka kumsemesha mtu mwingine hivyo. Kwa hiyo mwaka jana nilijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu, mtihani Novemba. Kwangu ilikuwa kufa na kupona.

Tatizo lilikuwa kusoma kwenyewe. Nikimeza vidonge vyangu vya jioni, Karani hushuka sauti, huwa kama redio ya nyumba ya jirani, ila asubuhi kichwa kizito kama blanketi lililoloa na ukurasa mmoja unanila nusu siku. Nisipomeza, nakuwa mwepesi, lakini na yeye anakuwa mwepesi. Nilisoma kuhusu figo wiki mbili mfululizo, na siku ya kumi na nne sikujua figo iko mbele au nyuma.

Nilimwambia Sista Shamsa haya nikilia. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, hana haraka ya kumhurumia mtu. Akaniuliza, "Ukiwa unaongea mwenyewe, huyo Karani wako naye anaongea?"

Sikuwahi kulifikiria. Nikajaribu pale pale, nikaimba ubeti wa wimbo wa kanisani. Karani alisubiri nimalize.

"Haya," akasema Sista. "Soma kwa sauti. Tembea, kariri, piga kelele ukitaka. Na dawa usiache hata siku moja."

Basi nikahamia shambani. Chini ya nyumba yetu matuta yanashuka mpaka mtoni, na kila tuta nililipa mada yake. Tuta la maharage lilikuwa la moyo, la kabichi la figo, la migomba la uzazi, mnisamehe. Nilitembea mpaka mwisho wa tuta, nikageuka, nikarudi, nikikariri kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, vidole vinne juu kwa vyumba vinne vya moyo. Damu inaingia kulia, inakwenda mapafuni, inarudi kushoto, inatoka. Karani alipofungua mdomo, mimi nilikuwa tayari nimeshatoka kulia naelekea kushoto. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne kichwani mwangu mlikuwa na kitu nilichokiweka mwenyewe. Nilifurahi, kusema kweli nilifurahi sana.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia mama. Mama aliamini vidonge vilishammaliza Karani, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia apate kulala usingizi. Sasa ningemwambiaje kwamba nakariri ili kumzima mtu ambaye hayupo?

Wiki moja kabla ya mtihani, mzee Kornelio alipita kwenye kinjia cha juu akienda kutazama miti yake ya plamu. Ni mzee wa kanisa, mtu mwema, na kila mwaka akikuta watoto wa shule wanakariri njiani huwaambia, "Soma, soma, mwanafunzi." Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akasimama, akavua kofia.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu." Haraka, mara mbili, kama mtu anayemtupia mfupa mbwa asiyemfahamu. Kisha akaenda. Mimi nikaendelea na mapafu.

Mzee Kornelio habari mbaya haileti mlangoni. Humwita mwenye nyumba ukingoni mwa shamba, wakasimama bega kwa bega wakitazama bonde, ili asiyesikia adhani wanakagua mahindi. Niliwaona wamesimama hivyo jioni ile, yeye na mama. Nikadhani wanapanga sikukuu ya mavuno.

Asubuhi ya mtihani mama alinipikia uji, akatia sukari nyingi. Kwetu sukari ni ya mgeni. Niliuona mtamu kupita kiasi na kwa chini una uchungu kidogo, nikasema moyoni, huyu mama leo ameniheshimu, nikaulamba wote mpaka nikakwangua bakuli.

Kutoka kwetu hadi kituo cha mtihani ni mwendo wa dakika arobaini, kupanda na kushuka. Nilipokuwa naitwa jina, ulimi ulishakuwa mzito. Nilikaa. Nikaandika namba yangu. Nikageuza karatasi, na swali la tisa lilikuwa la moyo, mchoro mtupu unaosubiri majina. Nililijua. Nilinyanyua vidole vinne chini ya meza, nikaviangalia, na vidole vikanitazama. Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani, alinigusa bega. Akanigusa tena. Hata Karani alikuwa amelala. Mara ya tatu aliponigusa alikuwa anachukua karatasi, nayo ilikuwa na namba yangu, mstari mmoja na udenda.

Mama alikuwa ananisubiri pale kinjia kinapopinda. Hakuniuliza nimefanyaje.

"Hukuongea?" akauliza.

"Sikuongea."

"Asante Yesu," akasema, akajifuta macho na khanga.

Hapo nikajua. "Umeniwekea nini kwenye uji, mama?"

Alinitajia mara moja, mama hajui kudanganya. "Viwili tu. Vile vile vyako vya jioni. Mzee Kornelio alikusikia, Yunis. Unaongea na maharage, unahesabu vidole, lugha haijulikani. Nikasema itakuwa kama ule mwaka. Sikutaka wakutoe tena mbele za watu."

"Nilikuwa nasoma!"

"Hata ule mwaka ulikuwa unasoma," akasema mama.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Najua. Lakini unyasi ule ulikuwa wangu, nilikuwa nimeupanda mwenyewe tuta kwa tuta, na siku ile sikuwa na methali ya kumsamehe mtu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kisha sikumsemesha siku tisa. Sikwenda tena shambani, nilikaa kitandani kimya, na ukikaa kimya Karani ana siku nzima.

Mwezi wa kwanza mama aliingia chumbani na daftari langu. Alilishika kwa mikono miwili, kama sahani ya sadaka.

"Nilipokuwa napata kipaimara," akasema, "Katekisimu niliikariri kwenye haya haya matuta. Amri kumi, na maana ya kila amri. Napiga kelele mpaka babu yako anasema Beatha atatufukuzia ndege. Hakuna aliyesema nina wazimu." Akaliweka daftari mapajani mwangu. "Nilisahau, mwanangu. Jiandikishe tena. Usome kwa sauti, mimi nitalima hapo hapo."

Nikajiandikisha. Nikarudi kwenye tuta la moyo, na mama akawa kwenye tuta la chini yangu na jembe lake, kila asubuhi. Mtu akipita kinjiani akapunguza mwendo, mama aliegemea mpini akapaza sauti, "Anasoma tu!" Aliwaambia wanawake wa kuni, aliwaambia wachuuzi wa kabichi waliokuwa wanapita zao na hata hawakuuliza. Mzee Kornelio aliambiwa mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi. "Anasoma tu, mzee!" Niliona aibu, lakini nilisoma. Kufika Pasaka, moyo, figo na mapafu yote yalikuwa yangu.

Ila uji sikuweza tena kuunywa.

Mwanzoni nilikuwa naunusa tu. Kisha Karani akalishika neno hilo. "Ameweka tena," alisema kila asubuhi mama akishusha sufuria. "Leo ameweka vitatu." Nilijua ni uongo. Nilijua, na bado nikawa nalisogeza bakuli pembeni, halafu nikawa namwagia kuku. Kutoka kwenye uji ikawa chai, na kutoka kwenye chai ikawa vidonge vyenyewe, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anakaa na kopo la dawa na kunipa mkononi. Nilivibana chini ya ulimi, nikavitemea kwenye kabichi. Sista Shamsa aliniuliza kama nameza, nikamwambia ndiyo. Nina kipaji cha kuwafanya watu walale usingizi.

Mwezi wa sita, baridi ilipokaza na ukungu ukawa hauondoki mpaka saa nne, Karani aliacha kunisubiri nimalize. Nilipokariri, naye alisema juu yangu. Nilipopaza sauti, akapaza. Sikumbuki siku niliyoliacha daftari ndani. Nakumbuka tu asubuhi moja nimesimama mwisho wa tuta, vidole havipo juu, namjibu. Namwambia mama hawezi kufanya hivyo. Ananiambia mbona alifanya. Namwambia ilikuwa mara moja. Ananiambia hesabu vizuri.

Mzee Kornelio akatokea kwenye ukungu, juu yetu.

Mama aliegemea jembe. "Anasoma tu, mzee!"

Mzee aliniangalia, na safari hii hakuvua kofia. Alitabasamu kabisa. "Soma, soma, mwanafunzi," akasema, akashika njia yake.

Tangu mwaka jana nilikuwa natamani kuyasikia maneno hayo. Nilingoja mpaka nyayo zake zikaisha.

"Mama," nikasema. "Sisomi."

"Najua," akasema mama.

Alikuwa bado ameinamia jembe. "Kusoma kwako nakufahamu sasa. Kunakwenda kulia, kunakwenda kushoto, kunataja ile atiriamu ya moyo, halafu kunarudi palepale kama kiitikio. Leo ni siku ya tatu hakurudi."

"Mbona umemwambia mzee?"

"Yeye inamhusu nini?" Alilaza jembe chini. "Vidonge nimeviona kwenye kabichi. Jana. Sikulala."

Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze. Badala yake alipanda nyumbani, na alipotoka kwenye ukungu alikuwa amevaa viatu vya kanisani na khanga ya kutokea. Mkono mmoja alibeba kikombe cha maji, na mwingine kopo la dawa, lile la majarini ambalo kwa miaka minne halikuwahi kutoka juu ya kabati lake.

"Tunakwenda Lushoto kwa Sista, sasa hivi," akasema. "Utamwambia kweli, na mimi nitamwambia ya uji. Lakini hili kopo kuanzia leo kaa nalo wewe. Mimi nililichezea. Sitalishika tena."

Aliliweka mikononi mwangu. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akatazama bonde ambalo kwa ukungu ule halikuonekana hata kidogo. Nilimjua mama yangu. Hakutaka kuniangalia kama nameza au natema.



"Anafungua kopo," akasema Karani.

Nikalifungua.