Salamu za Moshi

Madereva wengine wakipita Chimala hupiga honi. Matano alisalimia kwa moshi.

Akikaribia mashine za kukoboa, pale wanawake wanapoanika mpunga kwenye maturubai kando ya lami, alirudisha gia moja nyuma na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Lori liliguruma, bomba lake likatema wingu jeusi lililopanda juu ya mabati ya maduka. Katikati ya maturubai alisimama Batuli na reki yake ya mbao. Kila mara Batuli aliinua upindo wa kanga akafunika mdomo. Matano aliona ameelewa: binti wa watu anaona haya, anaficha tabasamu. Akaimba peke yake mpaka Uyole.

Lori lilikuwa la mjomba wake, Mzee Adamu wa Kihesa, Iringa. Lilitoka kiwandani na adabu zake. Mjomba na mpwa ndio waliolifundisha ukorofi. Walilifungia turbo kubwa kuliko lake la asili, wakasimamisha bomba la moshi nyuma ya kabini, wakamwambia fundi aifungue pampu, yaani aikaze skrubu yake ili injini inyweshwe dizeli nyingi kupita kawaida. Tangu hapo, likiwa na shehena ya karatasi kutoka Mgololo, lilipanda milima kama vile halijabeba kitu. Madereva wenzake waliliita Jiko la Kihesa. Matano alilipokea jina hilo kama sifa.

Tatizo lilikuwa mpaka. Mzigo wenyewe ulikuwa wa kupeleka Zambia. Huku kwetu sheria ya moshi ipo, ila Matano hakuwahi kukutana na askari mwenye kipimo. Kule ng'ambo ya Tunduma alikuwepo ofisa mwenye mashine ndogo yenye mrija, na lori likionekana na moshi mweusi liligeuzwa na mzigo wake. Kwa hiyo Jiko la Kihesa likawa na tabia mbili. Wakati wa kwenda, Matano alisimama Uyole kwa fundi Anyelwisye, pampu ikafungwa. Wakati wa kurudi alisimama palepale, ikafunguliwa.

Siku moja ya mavuno alijipa moyo, akaegesha Chimala. Bibi yake Batuli, Bi Mwanakhamisi, alimkaribisha barazani, akampakulia wali na maharage.

"Kula, mume wangu," alisema bibi, maana alikwisha kuona kijana amefuata nini, na bibi ana haki ya kumtania mchumba wa mjukuu wake. "Mwanamume anayekuja na ngurumo namna hii lazima ana njaa."

Matano alicheka, akala, kisha Bibi alipoingia ndani alimgeukia Batuli. Batuli alikuwa amesomea kilimo, akarudi nyumbani kusimamia mpunga wa bibi yake, na alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu usoni mpaka amalize kusema.

"Nataka mjomba alete posa," alisema Matano. "Lakini sitaki aje kabla sijajua moyo wako."

Batuli aliokota punje ya mpunga iliyonasa kwenye kanga, akaibandua ganda kwa ukucha.

"Wiki ijayo bibi anaenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kumwona dada yake, nami namsindikiza," alisema. "Tuchukue. Nataka nikuone ukiwa kazini. Tukirudi hapa nitakujibu."

Matano aliosha kabini mpaka makanyagio ya miguu.

Safari ilianza vizuri. Bibi alikaa dirishani, Batuli katikati. Walipanda mlima wa Inyala wakiyapita malori mengine kama yameegeshwa. Walipompita Tadeo, rafiki yake Matano aliyekuwa na lori jekundu, Matano alimwachia wingu la kutosha. Tadeo akatoa mkono dirishani na kuonyesha ngumi, huku anacheka.

"Ndiyo maana tunakuita Jiko," Tadeo alimpigia simu baadaye. "Nimefika juu nimeshaiva."

Uyole walisimama. Anyelwisye alikuja na spana yake, mzee mnene mwenye kofia ya sufu, akawasalimu wageni, akapanda kwenye injini.

"Anatengeneza nini?" Batuli aliuliza.

"Anafunga pampu. Kule wanapima moshi."

"Aa," alisema Batuli.

Mpakani foleni ilikuwa fupi, jambo lililomshangaza kila dereva. Batuli na bibi walivuka kwa miguu na hati zao, wakasubiri upande wa pili, karibu na wanawake waliokuwa wakiuza karanga. Lori lilipoingia uwanjani, ofisa mmoja wa kike aliyevaa glavu aliingiza mrija kwenye bomba, akamwashiria Matano akanyage mafuta. Injini iliunguruma. Juu ya bomba ilionekana hewa ikitetemeka kwa joto, basi. Wauza karanga hawakugeuka. Mmoja wao alikuwa ananyonyesha, akaendelea kunyonyesha.

Ofisa aligonga bampa kwa kiganja. "Hili linapumua vizuri, kaka. Nenda."

Matano alitafuta uso wa Batuli ili afurahi naye. Batuli alikuwa anamtazama yule mama na mtoto wake.

Baada ya kushusha mzigo, Matano aliwapitia Nakonde, wakarudi. Bibi alikuwa amebeba mabunda ya dagaa na habari za dada yake, na njia nzima alizungumza yeye. Uyole, Anyelwisye alikuwa tayari anawasubiri.

"Nafungua?"

"Fungua, mzee," alisema Matano.

"Ngoja kwanza," alisema Batuli. Alishuka akasimama kando ya gurudumu. "Matano, kule moshi wanaukataa kwa sababu gani?"

"Unaharibu afya za watu. Ndiyo sheria yao."

"Afya za watu."

"Ndiyo."

"Na sisi wa Chimala?"

Matano alicheka kidogo. "Batuli, kule kuna kipimo."

"Sijauliza kipimo. Nimeuliza watu."

Hakuwa ameinua sauti. Matano alimtazama Anyelwisye, na Anyelwisye akaitazama spana yake.

"Lakini wewe mwenyewe unaipenda ile salamu," alisema Matano. "Nikipita unacheka. Unajifunika na kanga."

"Nacheka?"

Bibi alitoa kichwa dirishani. "Mume wangu, huyo anakohoa. Na mimi nakohoa. Kuku nao wanakohoa. Jogoo wetu siku hizi akiwika anamalizia na kikohozi."

Anyelwisye aligeukia injini ili wasimwone anavyocheka.

"Wateja wetu wa Mbeya wanaosha mchele maji matatu," Batuli aliendelea. "Wanauliza kama tunaukausha juu ya kuni. Nilitaka kukwambia siku ile ya kwanza, nikaona mtu ambaye hajui, mwache aone mwenyewe. Leo umeona. Umekwenda umbali wote huu ukiwa safi, ili mtu mwenye glavu aridhike. Ukirudi kwetu unajichafua tena."

"Na milima je? Mjomba anataka mzigo ufike. Hili likifungwa nitapanda na nini?"

"Na gia ndogo. Kama wenzako."

"Sasa nafungua au naacha?" aliuliza Anyelwisye. "Semeni tu, wanangu. Mimi nakula kwa yote mawili."

Matano alihisi masikio yake yanawaka. Kuambiwa mbele ya fundi, mbele ya bibi, kwamba tabasamu alilolibeba miezi yote lilikuwa kikohozi.

"Fungua," alisema.

Kutoka Uyole hadi Chimala hata bibi alinyamaza.

Walipofika, Batuli alimshusha bibi, akachukua mabunda ya dagaa, akasimama mlangoni mwa kabini.

"Jibu lako nilitaka kukupa hapa leo," alisema. "Nenda kwanza, Matano. Safari njema."

Matano aliondoa lori taratibu kuliko siku zote. Alikanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga yai. Hata hivyo bomba lilikohoa wingu lake, na kwa mara ya kwanza Matano alitazama kioo cha pembeni. Siku zote macho yake yalikuwa dirishani, kwa Batuli, kisha mbele, barabarani. Hakuwahi kuangalia nyuma, ambako salamu yake ilikuwa ikielekea.

Batuli aliinua kanga. Bibi akainua yake. Muuza nyanya akageuza uso akafunika nyanya zake kwa gunia. Mama aliyekuwa akipepeta mchele alisimamisha ungo hewani, akasubiri. Watoto wa shule walivuta sweta zao hadi puani bila hata kukatiza mazungumzo, kama watu waliozoea. Kanga moja baada ya nyingine ziliinuka mstari mzima wa barabara, mpaka wingu lenyewe likaziba kioo, asione kitu tena.

Hakuimba siku hiyo.

Mgololo walimpakilia karatasi. Alipofika Makambako aliegesha kwenye uwanja wa malori, akafungua boneti, akampigia simu Anyelwisye.

"Mzee, ile skrubu ya pampu unailegeza kwa upande upi?"

"Wa kushoto. Polepole. Kwani mpaka umehamia Makambako?"

"Umehamia Chimala."

Matano akasikia fundi anacheka mpaka anapaliwa. "Haya. Rudisha mpaka ile alama yangu ya rangi nyeupe. Kisha usafishe pia chujio la hewa, nina hakika hujaligusa. Na ukifika Uyole ulete soda, umeniharibia biashara."

Kisha alimpigia mjomba Kihesa. Alimweleza yote, hata habari ya jogoo. Mzee Adamu alisikiliza.

"Utachelewa milimani," alisema mjomba.

"Nitachelewa, mjomba."

"Matumizi ya dizeli yatapungua lakini." Mzee alifikiri. "Shangazi yako naye amelalamika miaka mingi kuhusu nguo zake kwenye kamba. Mimi nikadhani ni wivu juu ya lori. Endelea, mwanangu."

Kwa hiyo Matano aliingia Chimala mchana wa siku ileile bila wingu. Hakuna aliyegeuza kichwa. Muuza nyanya alikuwa anapanga mafungu yake. Batuli alikuwa ameinama juu ya turubai, mgongo kwa barabara, na Matano akagundua kwamba kumbe akiwa hana moshi hakuna anayejua amepita. Angeweza kupita moja kwa moja. Aliegesha, akazima injini, akashuka.

"Hodi hapa."

Batuli aligeuka. Alimtazama yeye, kisha bomba, kisha anga juu ya bomba.

"Umefunga wapi?"

"Makambako. Mwenyewe."

"Na Inyala utapandaje na mzigo huo?"

"Kwa gia ndogo. Kama wenzangu."

Batuli alimpa reki. Matano akavua viatu, akaingia kwenye turubai, akaanza kugeuza mpunga kwa namna mbaya sana, akiurundika pembeni badala ya kuutandaza.

"Mwanamume huyu analima," alisema bibi kutoka barazani. "Mwambieni mpunga umeshavunwa."

Ndipo lori jekundu lilipotokea upande wa Igawa. Tangu aachiwe wingu kule Inyala, Tadeo alikuwa amekwenda kufungua pampu ya kwake, na alipomwona Matano peku kwenye turubai alipunguza mwendo.

"Matano! Jiko limezimika?"

"Limezimika, kaka. Nenda salama."

"Basi pokea salamu!" Tadeo akakanyaga mafuta.

Wingu lilishuka juu yao lote. Matano alikuwa hajawahi kusimama ndani ya kitu chake mwenyewe. Kilikuwa na ladha ya kutu na mafuta ya taa, kilimwingia machoni na kooni, akakohoa mpaka akaegemea reki. Alipofumbua macho aliona kitambaa mbele ya uso wake. Batuli alikuwa amejifunika kwa upindo mmoja wa kanga, na upindo wa pili alikuwa amemnyooshea yeye. Matano aliupokea, akafunika mdomo. Walisimama hivyo, kanga moja kati yao, wakingoja hewa irudi.

"Sasa," alisema Batuli ndani ya kanga, "hapa nacheka kweli."

Kanga iliposhuka, Matano aliona si uongo.

"Mwambie mjomba alete posa," alisema Batuli. "Aje na lori hilihili. Nitaangalia bomba."

"Na huyo Tadeo?"

"Huyo ni wako. Umemfundisha wewe, utamwachisha wewe."

"Akija, nitampa reki," alisema bibi. "Mume wangu, siku hizi unaingia kimya kama mwizi. Ukifika uwe unapiga honi, nijue kutandika mkeka."

Walimlisha, kisha akaondoka.

Inyala ilimchukua alasiri yote. Lori lilipanda kwa gia ndogo likivuma taratibu, hewa juu ya bomba ni safi. Mabasi yalimpita. Lori la saruji lilimpita. Mahali penye mwinuko mkali, mzee mmoja anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa alimfikia, akaenda naye sambamba, dirisha kwa bega.

"Kijana," alisema mzee baada ya kutembea naye kwa muda, "mbona unacheka peke yako?"

"Nimekubaliwa, mzee wangu. Chimala."

"Hongera sana." Mzee alivuta pumzi ndefu, akatazama mlima uliobaki. "Sasa nipishe basi, unanichelewesha."