Roboti ya Mzee Barafu

Mlango wa friji ulitoweka jikoni siku ya Jumapili, na mkewe Mzee Barafu hakuhitaji kuuliza umekwenda wapi. Alivuka ua hadi karakana akiwa na sufuria ya maziwa mkononi, akamkuta mumewe amepiga magoti juu ya mlango wenyewe, anautoboa kwa drili.

"Miaka thelathini unatengeneza friji za watu," alisema. "Hii yetu imekukosea nini?"

"Naifanya bodi."

"Bodi ya nini?"

"Ya roboti. Ya mapambano."

Mkewe alimtazama yeye, akayatazama maziwa, akarudi jikoni kuyachemsha kabla hayajachacha. Mganga hajigangi, wahenga walisema, ila hawakutaja mganga anayeiba dawa nyumbani kwake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo ambalo Mzee Barafu hakumwambia mtu. Wiki hiyo kampuni moja kubwa ya vyumba vya baridi ilikuwa imemwandikia binti yake barua ya kumpa kazi. Huyu binti ndiye kitindamimba wake na fundi mwenzake kwa miaka sita, mtu pekee mtaani aliyeweza kuweka sikio kwenye kompresa ya friji na kusema inaumwa nini. Barua ilikaa mezani chini ya bisibisi, na mzee aliisoma akijifanya anatafuta bisibisi. Tangu hapo alitaka kumwambia binti yake neno moja tu: baki. Neno la herufi nne, na likamshinda.

Basi chuo cha ufundi kilipotangaza mashindano ya roboti, aliandikisha majina yao wawili bila kumuuliza mwenzake. Hesabu zake zilikuwa rahisi. Watashinda kombe, picha yao itabandikwa ukutani pale chuoni, karakana itavuma, na binti hataona sababu ya kuondoka. Wababa wengine wakitaka kusema jambo hukohoa kidogo wakalisema. Yeye aliamua kuunda mashine ya kilo hamsini.

Magurudumu yalitoka kwenye toroli, mota kwenye waipa za magari mabovu. Silaha yenyewe ilikuwa mkono wa chuma uliolala mbele kama koleo. Chini yake kulikuwa na pistoni iliyowahi kufungua mlango wa basi, na nyuma mtungi wa gesi wa kuzimia moto. Ukibonyeza kitufe vali inafunguka, gesi inakimbilia kwenye pistoni, mkono unaruka juu na kilicho juu yake kinapinduka. Ndiyo maana wakaiita Mpinduzi.

Kati ya mtungi na vali mzee aliunga bomba jembamba la shaba, kwa sababu ndilo lililojaa karakana. Akalisokota vizuri, mizunguko kumi na miwili, kama lile lililoko nyuma ya friji. Hakuna aliyemwomba asokote. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe kwa mazoea, na yeye akakaa pembeni akiisifu.

Binti aliutazama ule msokoto, akakuna kichwa. "Baba, umeshaipiga mara ngapi kwa mfululizo?"

"Mara moja kwa siku. Gesi si maji."

"Tuipige mara nne tano tuone. Au tuweke mpira mpana badala ya hii shaba."

"Mwanangu, mimi gesi nimeijua kabla wewe hujazaliwa."

Binti hakubishana. Alichukua spana akaendelea kukaza nati. Kwa miezi miwili walifanya kazi hivyo kila jioni wateja wakishaondoka, na mzee hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa na furaha kama ile. Siku ya jaribio la kwanza ndoo ya mchanga ilipaa, ikatua juu ya baiskeli yake mwenyewe na kuikunja. Walicheka hadi wakakaa chini.

Mashindano yalifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa chuo. Jukwaa la mbao liliinuliwa kidogo na kuzungushiwa wavu, na sheria ilikuwa moja: ukisukumwa ukaanguka, umekwisha. Mpinzani wao alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwao, mama mpole mwenye miwani. Roboti yake ilikuwa bapa kama mfuniko, inaendeshwa na mota ya cherehani, haina silaha yoyote. Aliiita Pindo. Mzee alimwonea huruma.

"Usijali, dada," alimwambia. "Nitakupindua taratibu."

"Asante, kaka," yule mama alijibu, akiendelea kufuta miwani.

Hapo sifa zikampanda. Kabla ya kengele aliupiga mkono hewani mara moja, kuwasalimia watazamaji. Wakapiga makofi. Akapiga mara ya pili.

"Baba, inatosha," binti alinong'ona.

Akapiga ya tatu, na ukumbi mzima ukasimama. Akainama kidogo kuwashukuru.

Kengele ikalia. Pindo ilikuja polepole, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, ikapanda yenyewe juu ya ule mkono wa chuma, pale pale mzee alipokuwa akiomba ipande. Mzee akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Mkono ukanyanyuka upana wa kidole, ukalia, ukagoma. Akabonyeza kwa dole gumba, kisha kwa madole gumba yote mawili, kana kwamba roboti ingeona aibu.

Ndipo akaona weupe. Vali ilikuwa imevaa kofia ya barafu, na ukungu mweupe ulikuwa ukitambaa kwenye shaba, mzunguko baada ya mzunguko. Gesi iliyobanwa ikiachiliwa ghafla hupoa, na vali ikiganda haifunguki. Jambo hilo alilijua. Ndilo lililomlisha miaka thelathini, likamjengea nyumba na kumsomeshea watoto, na mtaa mzima ukampa jina kwa ajili yake.

"Baba," binti alisema kwa sauti ya chini, "tumetengeneza friji."

Rimoti ilikuwa na vitufe vingine vya kurudi nyuma na kugeuka, lakini mzee aliendelea kukandamiza kile kimoja. Pindo ikasukuma bila haraka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Mpinduzi hata mbio hakuwa nazo. Alianguka kwa kishindo cha friji inayotupwa ngazini, na ukumbi ukaangua kicheko.

Fundi cherehani alikuja kumpa mkono. "Pole, kaka. Ukipata nafasi pitia kwangu, friji yangu haigandishi. Yako naona iko sawa."

Walirudi nyumbani wakisukuma mkokoteni juani, Mpinduzi amelala chali. Njiani binti alisimama, akatumbukiza chupa yake ya maji katikati ya msokoto wa shaba, akaifungua vali kwa spana. Gesi iliyobaki ikatoka ikifoka, mtungi ukakohoa mara ya mwisho na kunyamaza. Akampa baba yake ile chupa. Maji yalikuwa baridi kweli.

"Angalau inafanya kazi," alisema.

Mzee alikunywa, akapiga moyo konde. "Nilitaka ubaki. Ile barua niliisoma, nikashindwa kukuambia."

"Najua. Uliirudisha kichwa chini miguu juu."

"Sasa utawajibu nini?"

"Nilishawajibu, Baba. Wiki ile ile. Naanza Jumatatu."

Wakasukuma hatua kadhaa. Mzee alikuwa na uchungu, lakini kulikuwa na hesabu iliyomkataa. "Barua ni ya miezi miwili iliyopita. Mbona unaanza sasa?"

"Walinitaka mara moja. Nikawaomba wanisubiri." Binti aliinama kulikwepesha gurudumu shimo. "Niliwaambia kuna kazi namalizia na baba yangu."

Miezi miwili yote mzee alidhani yeye ndiye anayemzuia binti asiondoke. Alikohoa kidogo.

"Huko kazini," alisema hatimaye, "habari ya leo usiwaambie."

"Hiyo ndiyo nitaanza nayo."

Mzee Barafu aligeuza uso pembeni na kujifuta macho kwa kiwiko, akalalamika kwamba gesi imemwingia. Binti hakubishana, ingawa wote wawili walikuwa wameusikia mtungi ukiisha.